Ng'ombe wa Kaya Mbili

Rogers alitaka kuwafuta. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Tulikuwa Katesh, kwenye chumba cha mradi, mvua imeukalia mlima Hanang tangu asubuhi na baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Rogers ni mtu wa Morogoro. Ni kijana mpole, mtaalamu wa kompyuta, na tangu aletwe huku kwetu sijawahi kumwona na sweta moja. Anavaa mbili, na shuka juu.

"Dada Bernadina," akasema, "tuna ng'ombe wenye makosa hapa. Kompyuta inawakataa."

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe, msije mkapotea. Mradi wetu ulikuwa wa ugonjwa wa kutupa mimba, ule ambao hospitalini wanauita brusela. Ukimpata ng'ombe, anatupa ndama. Ukipita kwenye maziwa mabichi unampata mtu, anaumwa homa isiyoeleweka na viungo vyote, na mwanamke mjamzito anaweza kupoteza mtoto. Watu wa mifugo walikuwa na takwimu zao, hospitali na zao, maabara na zao, na kila mmoja anaandika kwa lugha yake. Wa mifugo anaandika "ametupa". Daktari anaandika "brusela". Maabara wanaandika herufi ambazo hata mganga hawezi kuzisoma. Ugonjwa ni ule ule, lakini kwenye makaratasi ni mitatu.

Kazi ya Rogers ilikuwa kujenga kitu alichokiita ontolojia. Jina lisiwatishe. Ni kuifundisha kompyuta maana ya vitu: hiki ni aina ya kile, huyu anakaa kwa yule, ugonjwa huu unatoka hapa kwenda pale. Ukishaifundisha vizuri, unaimiminia takwimu za kila ofisi, nayo inaziunganisha yenyewe. Inaweza hata kukuambia jambo ambalo hakuna mtu aliyeliandika popote. Mimi nimesomea mifugo, na ni mzaliwa wa Tumati, Mbulu, kwa hiyo nilikuwa namwambia mambo ya huku yalivyo. Tulielewana vizuri, ukiacha siku ambazo hasira zangu zilinitangulia, na siku hizo hazikuwa chache.

"Wana makosa gani?" nikamuuliza.

"Ng'ombe mmoja, hereni moja sikioni, kaya mbili. Angalia huyu. Watu wa mifugo wanasema ni wa kaya ya Tumati. Halafu Gitting kuna kaya inasema inamkamua kila siku. Ng'ombe hawezi kukaa nyumba mbili, ni lazima wakusanyaji wamekosea namba. Wako wengi hivi. Nawafuta wote tuendelee."

"Weee! Toa mkono hapo!"

Akaruka kama ameguswa na umeme. Nikaanza kucheka, maana wakati ule bado nilikuwa na kicheko.

"Rogers, ukiwafuta hao umefuta nusu ya ng'ombe wa Mbulu. Sikiliza. Kwetu mwenye ng'ombe hawalazi wote kwenye zizi lake. Mmoja anamweka kwa rafiki, mwingine kwa mkwe, mwingine kwa mtu wa mbali ambaye hata humjui. Aliyewekewa anakunywa maziwa na kupata mbolea. Ng'ombe na ndama wake wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia au wezi wakija, hawamalizi wote. Na mwenye mali hasemi kamweka wapi. Hata watoto wake hawaambii."

"Hata nyinyi watoto?"

"Sisi ndio wa mwisho kabisa. Kwa hiyo ukiuliza ng'ombe huyu ni wa nani, utajibiwa ukweli. Ukiuliza anamkamua nani, utajibiwa ukweli pia. Hakuna aliyekosea."

Rogers alinitazama, kisha akajipiga paji la uso. "Basi mimi ndiye niliyeifundisha kompyuta vibaya. Niliiambia ng'ombe ana kaya moja, basi. Kumbe ni mahusiano mawili. Mali ya, na analala kwa." Akavuta kiti, akaanza kuandika haraka haraka. "Na ugonjwa unafuata lipi?"

"Ugonjwa unajua mali ya nani? Unafuata anakolala."

Alipomaliza akaiacha kompyuta ifanye kazi, sisi tukanywa chai. Aliporudi kuangalia, alipiga mluzi wa furaha. Wale wa makosa wote walikuwa wamepata mahali pao, na kompyuta ilikuwa imetoa majibu mapya, mengine yamewekewa rangi nyekundu. Nyekundu ilikuwa ni hatari. "Njoo uone! Imefikiri yenyewe!"

Nikainama kusoma lile la juu. Ng'ombe, damu yake imekutwa na ugonjwa. Mali ya kaya ya Tumati. Analala kwa kaya ya Gitting. Katika kaya hiyo yumo mwanamke mjamzito, anakunywa maziwa mabichi, na damu yake iliyochukuliwa kliniki imekutwa na ugonjwa huo huo, majibu yameingia wiki hii. Mimba zilizotoka kabla ya hii, mbili. Hakukuwa na jina la mtu hata moja, namba tupu, ndivyo mradi ulivyowaahidi watu. Ila namba ya hereni ilikuwepo, na hereni ile nilimvalisha mimi kwa mikono yangu yule mwekundu aliyenipiga teke hadi nikakaa kwenye kinyesi huku baba yangu akicheka. Alikuwa ng'ombe wa nyumbani kwetu.

Na Gitting, mtu ambaye baba yangu Mzee Tluway angeweza kumwekea ng'ombe alikuwa mmoja tu. Mdogo wangu Marieta.

Marieta ameolewa Gitting na Sulle, na Sulle yuko Mererani kwenye machimbo, anarudi Krismasi akijaliwa. Anaishi na mama mkwe wake. Mwaka wa jana alipoteza mimba, tukalia naye, na sasa alikuwa na nyingine, tumbo limeshaanza kuonekana, na kila nikimpigia simu ananiambia, "Dada, safari hii Mungu ananiona." Nilishika hiyo "mbili" kama mtu anayeshika jani mtoni. Marieta alipoteza moja. Moja! Basi huenda ni mtu mwingine, huenda mkusanyaji kakosea kweli, huenda Rogers alikuwa sahihi kutaka kufuta.

"Ni mdogo wangu huyu," nikasema. "Nadhani ni mdogo wangu."

Rogers akapauka. "Usiseme hivyo. Haturuhusiwi kujua. Kuna utaratibu, Dada. Naandika barua kliniki, wao wana orodha yao, watamtafuta kwa namba yake. Wiki ijayo..."

"Wiki ijayo! Mimba inasubiri barua, Rogers? Umewahi kuona?"

"Watakufukuza kazi."

"Wanifukuze!"

Nilitoka nje na simu. Nabonyeza namba zinakosea, narudia. Baba akapokea, upepo wa Tumati unavuma kwenye simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Baba, yule mwekundu mwenye pembe fupi yuko wapi?"

"Ng'ombe wangu wote wako zizini."

"Baba, nakuomba. Sitaki ng'ombe wako. Niambie tu kama uko naye."

"Nani anataka kujua? Wameanza tena kuhesabu mifugo?"

"Ni mimi nataka kujua! Alitupa ndama?"

Baba yangu ni mtu mkaidi, lakini uongo wa ana kwa ana humshinda, hata kwa simu. "Alitupa mara moja," akasema taratibu. "Ng'ombe akitupa zizini si vizuri kumwacha pale pale. Ukimhamisha kwenye nyumba ya amani anatengemaa. Na kweli katengemaa, amezaa vizuri, ana maziwa ya kutosha. Mtoto alikuwa ameolewa, ana mimba ya kwanza, anahitaji maziwa. Usimwambie mtu." Akakata.

Mimba ya kwanza. Kwa hiyo yule mwekundu alikuwepo pale tangu mwanzo. Baba alitoa kilicho bora alichonacho, kwa mapenzi, na kila asubuhi mdogo wangu alikuwa anakunywa kikombe cha kifo cha watoto wake. Nilitapika chai yote pale kwenye ukuta wa ofisi, nikafuta mdomo, nikasimamisha bodaboda.

Njia ya Gitting siku hiyo ilikuwa ukungu mtupu. Kijana wa bodaboda alikuwa anapiga honi kila kona na mimi nyuma yake nasali Salamu Maria, nikifika "mzao wa tumbo lako" nakwama, naanza upya. Niseme ukweli, katikati ya hofu yote ile kawivu nako kalinichoma. Mimi ndiye mkubwa. Mimi niliolewa kwanza. Sikuwekewa hata kuku. Nikajitukana mwenyewe kwa kuwaza ujinga kama huo saa kama ile, lakini nilikuwa nimeshauwaza.

Mama mkwe wake Marieta anaitwa Mama Perpetua. Ni mwanamke mrefu, rozari shingoni, wa maneno machache, ambaye hata katekista humsalimia mara mbili kuhakikisha kama amesikia. Nilimkuta ndani karibu na moto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Bernadina. Umelowa. Kaa."

Nikakaa. Kabla sijajua naanzaje, akashusha kibuyu, akamimina maziwa kwenye kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili. Mgeni kapewa maziwa kwenye nyumba ya wakwe wa mdogo wake. Kuyakataa ni kuwatukana mpaka waliozikwa. Nikashika kile kikombe, yananukia moshi mzuri wa kibuyu, mazuri kabisa, meupe, na mimi jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Marieta akaingia kutoka nje na kuni, akaniona, akafurahi. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea. "Dada! Mbona hukusema unakuja?" Mama Perpetua akamimina kikombe cha pili, akampa. "Kunywa, umetoka kwenye baridi."

Marieta akakiinua mdomoni.

Sikufikiri. Nilinyanyuka nikampiga mkono, kikombe kikaruka, maziwa yakamwagika kwenye majivu, yakachemka na kunuka nyumba nzima.

Wote wawili walinitazama. Yesu na Maria! Kumwaga maziwa ya watu, kwenye jiko lao, mbele ya mama mwenye nyumba. Hata mlevi hafanyi hivyo.

"Ng'ombe ni mgonjwa," nikasema. "Maziwa yake yana ugonjwa wa kutupa mimba. Marieta, damu yako nayo inao, tangu kliniki walipokupima. Twende hospitali sasa hivi. Dawa ipo, ukiwahi inafanya kazi."

Marieta alikuwa ameshika mkono wake nilipompiga. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Ng'ombe gani?"

"Mwekundu. Wa baba."

"Nani kakuambia kuna ng'ombe wa baba hapa?"

"Kompyuta."

Nilivyotamka nilisikia jinsi linavyochekesha. Marieta hakucheka. "Kompyuta," akasema. "Kompyuta imejua zizi la baba yetu. Dada, sema tu umesikia kwa watu ukaumia. Baba aliniambia, Bernadina akijua hatalala. Umekuja kuninyang'anya."

"Marieta!"

"Watoto wako wako shuleni, wazima. Mimi sina hata mmoja, nimepewa ng'ombe mmoja tu, naye umeona ni mwingi. Umekuja kunitisha ili arudi Tumati. Nenda zako."

"Mwanangu, mdogo wangu, naapa kwa kaburi la mama..."

"Usimtaje mama!"

Akainama, akaokota kikombe, akakifuta kwa kanga, akanyoosha mkono kuchukua kibuyu mwenyewe. Alikuwa anakwenda kunywa mbele yangu, kwa makusudi, kunionyesha. Na mama mkwe alikuwa amekaa tu, macho kwenye moto. Hofu ikanipanda kichwani. Sikuwa na karatasi, sikuwa na daktari, sikuwa na kitu chochote cha kumwonyesha. Nilikuwa na kile tu nilichosoma, basi nikakisema.

"Mimba zilizotoka ni mbili! Mbili, Marieta! Unataka ya tatu?"

Kibuyu kikasimama hewani.

Nilimwona mdogo wangu anavyokauka. Macho yake hayakunitazama mimi. Yalikwenda pembeni, kwa mama mkwe, yakabaki huko. Nikaelewa kwamba ile mbili haikuwa makosa, na kwamba nimefanya jambo baya sana.

Mama Perpetua akainuka. Akachukua shuka lake kwenye msumari, akatoka nje kwenye ukungu, akavuta mlango.

"Umeniua," Marieta akanong'ona. "Dada, umeniua."

"Ilikuwa lini?"

"Baada ya mavuno. Nilikuwa shambani peke yangu. Nilizika mwenyewe, nikaoga kwenye mfereji, nikarudi nikapika." Akakiweka kibuyu chini. "Unajua wazee wa huku. Mwanamke aliyeharibikiwa mimba anakaa pembeni, hachoti maji na wenzake, haingii nyumba ya mtu asije akawapelekea kifo, mpaka muda upite. Ile ya kwanza nilikaa. Kila mtu ananikwepa, natupiwa salamu kwa mbali. Nikasema ya pili sikai, bora nife. Nikanyamaza. Jumapili iliyofuata ulikuwa ubatizo wa Nikolausi."

Nikolausi alikuwa mtoto wa wifi yake, mjukuu wa kwanza wa Mama Perpetua. Nilikwenda kwenye mazishi yake. Alikuwa hajaota hata jino.

"Nilimbeba," Marieta akasema. "Kila mtu alimbeba, ningekataaje? Nilimbeba, nikambusu, na hakumaliza mwezi."

"Alikufa kwa homa ya mapafu, mama. Daktari alisema."

"Wewe unajua homa ya mapafu. Mama mkwe anajua nini? Sasa hivi anajua nilimshika mjukuu wake nikiwa na kifo mikononi." Akanishika nguo kifuani kwa mikono miwili. "Sikumwambia mtu yeyote, hata Sulle. Nilimwambia yule nesi wa utafiti peke yake, akaniapia ni namba tu, hakuna jina. Alisema hakuna atakayejua. Mmenifanya nini?"

Aliapiwa na sisi. Na kama tusingejua, angekuwa amekunywa kile kikombe. Nilimkumbatia hivyo hivyo akiwa ananisukuma.

Nje tukasikia minyororo ya zizi. Tukasikia ndama analia, kisha sauti ya Mama Perpetua ikimwita mtu wa nyumba ya jirani, wanaume wawili wakaitika. Marieta akaacha kunisukuma, akaning'ang'ania. Wanaume wa nini? Nilifikiri wazee wanaitwa. Nilifikiri watamtoa usiku ule ule, na mimba yake, na mvua ile, wampeleke kwenye kibanda akakae peke yake. Nilifikiri na mengine ambayo sitayataja. Nikatafuta kwa macho kitu cha kushika, nikaona mchi, nikausogeza karibu na mguu wangu. Naam, nilikuwa tayari kupigana na mama mkwe wa mdogo wangu kwa mchi.

Mlango ukafunguliwa. Mama Perpetua alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Vaa viatu," akamwambia Marieta.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Vaa viatu."

Hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Tulipita zizini, yule mwekundu amefungwa peke yake mbali na ndama, tukashuka njia ya utelezi, yeye mbele, sisi nyuma tumeshikana. Chini kidogo ya nyumba kuna njia ndogo inayokata kushoto kwenda kwa mzee wa ukoo wao. Mama Perpetua alipofika pale akapunguza mwendo, akatazama ile njia. Nilihisi kucha za Marieta zinaingia kwenye ngozi yangu. Akatazama kitambo. Kisha akavuta shuka, akaendelea na njia kubwa hadi barabarani, ambako gari la viazi lilikuwa linangoja, na dereva wake alikuwa mmoja wa wale wanaume alioita. Tukapanda juu ya magunia. Mpaka tunafika hospitali yule mama hakufungua mdomo, na mimi sikumwelewa hata kidogo, nikawa naogopa zaidi kuliko kama angetukana.

Nesi wa zamu alikuwa Mectilda, ametokea Kagera, mwanamke mchangamfu anayeongea kwa sauti kubwa kama wote tuna matatizo ya masikio. Nikamweleza kwa kifupi, akaelewa haraka, akavuta kiti kwa Marieta. Akaanza maswali yake kama anavyomuuliza kila mama. Jina. Umri. Kijiji. Mama Perpetua alikuwa amesimama nyuma ya kiti, karibu kabisa.

"Mimba ya ngapi hii?"

Marieta akaanza kusokota pindo la kanga. Akatazama mikono yake. Nilijua atadanganya, na nilijua daktari akidanganywa hapa, dawa na uangalizi wote vitaharibika. Nikataka kusema, nikajizuia. Nilishasema vya kutosha siku ile.

"Ya pi..." akaanza.

"Ya tatu," akasema Mama Perpetua.

Nesi akanyanyua macho.

"Ya tatu. Zimetoka mbili. Andika zote, ili mjue mnatibu nini."

Marieta akajisogeza kitini. Akageuka kidogo, hakuweza kumtazama usoni, akazungumza na lile shuka. "Mama. Nikolausi... nilimbeba, mama. Nilikuwa na... sikukaa pembeni, nilimbeba..."

"Ulimbeba," Mama Perpetua akasema. "Nimewaza hilo njia nzima. Ningependa iwe ni wewe. Ningelala." Akajifunga shuka upya. "Alikohoa tangu Jumatatu. Mama yake alitaka kumleta hapa, mimi nikasema tumfukize kwanza, atapona, nimelea watoto wangu wote hivyo. Nilipokubali alikuwa ameshakuwa wa bluu mdomoni. Hata mama yake hajawahi kunilaumu, lakini najua. Ni mimi niliyemchelewesha." Akaweka mkono wake mkubwa kwenye bega la mdogo wangu. "Lala kitandani, mtoto asikilizwe."

Nikamsaidia Marieta kupanda. Nesi Mectilda akachukua kipimo chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainamisha sikio, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie akanyamaza. Akakisogeza upande. Akasikiliza. Akakisogeza tena, chini zaidi, uso umekunjamana. Mama Perpetua alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Marieta alikuwa amefumba macho, machozi yanaingia masikioni, na mimi nimemshika mkono.

Nesi akabaki ameinama muda mrefu. Kisha akanyanyua kichwa.

"Yupo," akasema. "Anapiga mbio huyo, ana nguvu. Tunaanza dawa leo."

Marieta akalia kwa sauti, kilio cha miaka miwili. Mama Perpetua akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwambia atulie, asimsumbue mjukuu wake.